Mapigo Arobaini kwa Kila Tabaka

Tarehe 2 Machi

Baba, shikamoo.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji, yule anayevaa kofia ya sufi hata jua likiwaka. Mpe maji ya kunywa, halafu mpe jibu. Simu nimeshindwa. Mara ya mwisho nilikupigia kukuambia nimepandishwa cheo, wewe ukanipa pole ya msiba. Masikio yako yalibaki mitaroni, basi tuandikiane.

Ndiyo, Baba, nimepandishwa. Sasa mimi ni msimamizi wa mtaro. Na unajua mtaro wenyewe uko wapi? Barabara ya shule! Ile ile uliyotusimulia tangu hatujaota meno. Tunalaza bomba jipya la maji machafu, kubwa, mtoto anaweza kutambaa ndani yake. Sambamba nalo, upande wa shule, kuna bomba lenu la zamani la maji safi na kebo ya umeme inayokwenda zahanati. Ramani ya ofisini imeliwa na mchwa, na palipobaki pana doa la chai.

Sasa nisikilize. Kati ya nguzo ya fundi viatu na geti la shule nina shida. Tumefukia vizuri, Baba, naapa. Mchanga laini kuzunguka bomba kwa mikono, tabaka moja shubiri moja, tunashindilia, tabaka lingine, tunashindilia. Mashine ya kurukaruka, ile vijana wanaiita Chura, hatuiwashi mpaka tufike mbali juu ya bomba. Hata hivyo pamedidimia. Tukafukua, tukarudia, pakadidimia tena. Asubuhi unakuta ardhi imeingia ndani kama shavu la kibogoyo.

Injinia ameniambia pakishuka mara ya tatu, cheo nakirudisha. Anayeshika kipande hicho ni mfanyakazi mmoja tunamwita Kimya, kwa sababu hasemi. Nataka kujua, Baba: mlilaza vipi huko chini? Ardhi ya upande wenu imeshika? Wewe ndiye ramani niliyobaki nayo.

Mama msalimie.

Binti yako,
Bi Msimamizi (soma tena, ufurahi)


Tarehe 6 Machi

Kwako Bi Msimamizi, mama yangu mdogo, bosi wa mabosi,

Marahaba, na marahaba nyingine ya cheo. Naandika mwenyewe, mama yako asije akajisifu kwamba amenisaidia. Unajua mimi shule niliiona kwa nje nikiichimbia choo. Herufi nilijifunza kwenye vibao vya HATARI, ndiyo maana naandika kubwakubwa kama napiga kelele. Vumilia.

Umefanya vizuri kumuuliza mwenye nyumba. Barabara hiyo, nakwambia, niliilaza mimi kama mtu anavyomlaza mtoto. Tulikuwa watu tisa, lakini wanane walikuwa wa kujaza picha. Bomba la maji liko usawa wa kiuno changu, na kiuno changu wakati ule kilikuwa juu, si hiki kilichoteremka. Kebo iko juu yake kidogo, shubiri tatu kuelekea shule, na tuliifunika matofali mekundu tukayapanga kama meno. Ukiona jekundu, acha sururu, shika beleshi. Ukifika kwenye tofali, acha beleshi, tumia vidole. Nimekuokolea maisha hapo, andika kwenye kitabu chako.

Na kushindilia! Mwanangu, mimi nikishindilia, panya walihama kata. Siku moja mkubwa mmoja alikuja na fimbo ya chuma kupima, akaichomeka, fimbo ikapinda. Akaipeleka kwa mhunzi inyooshwe. Mhunzi akauliza, umepigana na nani? Akamjibu, na yule mwimbaji wa mtaroni.

Kwa hiyo upande wetu usiuhangaikie. Hapo kwa fundi viatu pamekaa kama jiwe, watazikwa wajukuu zangu pakiwa hapohapo. Ukiniuliza mimi, tazama huyo Kimya wako. Mtu asiyesema kazini wala kuimba, utajuaje kama anapiga au anaegemea? Mimi simwamini mtu wa kimya. Anafikiria nini muda wote huo?

Dereva amekunywa maji vikombe vitatu. Kofia hakuvua. Nadhani ana yai kichwani.

Mimi baba yako,
Bingwa wa Mitaro


Tarehe 11 Machi

Baba,

Matofali tumeyaona! Mekundu, yamepangwa kama meno, mahali pale pale uliposema. Watu wote walipiga makofi. Nikawaambia, huyo ni baba yangu, miaka thelathini imepita na bado anaona chini ya ardhi. Nilivimba kama nimekula hamira.

Kwa hiyo na lile lingine nimeliamini. Injinia aliponiuliza, nimeandika kwenye ripoti na kutia sahihi: ardhi ya zamani ni imara, kosa ni la ufukiaji mpya. Jumatatu nikamsimamisha Kimya kazi.

Hakubishana. Aliweka beleshi lake ukutani, akafuta mpini kwa kitambaa, akaniambia, "Bi Msimamizi, nilichomeka mtaimbo upande wa zamani. Ulizama mpaka kwenye ngumi yangu." Nikamwambia, "Upande huo aliushindilia baba yangu." Akanitazama kidogo. Akasema, "Sawa, dada," akaondoka. Ana mke na mama mzee ndani ya nyumba moja, hilo nimelijua baadaye.

Chai ya asubuhi ilikuwa chungu, kila mtu amenuna, nikaona niwachekeshe. Nikawapa ile hadithi yako ya watu walioshindilia mtaro kwa wimbo. Nimeisimulia kama wewe: msimamizi wao hataki kuchafua viatu, kakaa mbali chini ya mwavuli na daftari, anahesabu kwa sikio. Wimbo mmoja una mapigo arobaini, na mapigo arobaini ni tabaka moja. Basi wale wajanja wakapindua pipa tupu mtaroni, wakawa wanalipiga, "Lala we mkaidi! Lala!" na udongo wanauporomosha wote kwa mkupuo. Huku msimamizi anaandika, tabaka la kwanza, la pili, mpaka la saba. Walicheka, Baba! Mmoja alimwaga chai.

Lakini mzee anayepika chai akaniuliza, "Huo ulikuwa mtaro gani?" Nikakuta sijui. Ulisema ni kundi lingine, mji mwingine. Mji upi? Wanataka kujua, na mimi pia.

Rola kubwa la chuma linakuja Jumamosi tarehe 22 kugandamiza barabara yote. Kabla ya hapo kuna kiungo cha bomba cha kufunga pale kwa fundi viatu. Kwa kuwa Kimya hayupo, nitashuka mimi mwenyewe.

Bi Msimamizi wako


Tarehe 15 Machi

Kwako mama yangu mdogo,

Habari za hapa ni nyingi. Jino langu la mwisho la juu limeniaga, sasa lililobaki chini halina wa kuzungumza naye. Jirani fundi cherehani amenishonea suruali, mguu mmoja umefika nyumbani na mwingine uko njiani. Paa linavuja palepale kwenye kiti changu, mama yako anasema mvua inanijua. Mimi mzima, nguvu ninazo, juzi nimebeba gunia peke yangu, usimwulize mama yako.

Nataka nikuambie jambo. Kwa nini ushuke mtaroni wewe? Msimamizi anasimama juu. Ndiyo maana anaitwa hivyo. Na hilo rola, mbona haraka? Chuma kizito barabarani wakati huu wa mvua si kizuri. Ngojeni mwezi mmoja, au miwili. Waambie rola limeharibika. Sikiliza, nimeota ndoto, umekaa kwenye shimo unanichekea, sikuipenda. Mtu wa umri wangu akiota usipuuze.

Hiyo hadithi ya wimbo, we nawe, mambo ya zamani yale. Ilikuwa mji mwingine. Au mtaa mwingine tu, sikumbuki vizuri. Walioifanya wote wamekufa. Hadithi ni ya kuchekea, haina anwani.

Na huyo Kimya, nilikuwa natania. Mtu kunyamaza si kosa. Mrudishe.

Usishuke.

Baba yako,
Bingwa

(Mwanangu, ni mimi mama yako, naandika hapa nyuma ya karatasi yeye akiwa uani. Baba yako hali vizuri tangu barua yako ya juzi. Anagongagonga meza na kijiko, anahesabu, akifika arobaini anaanza tena. Nikimwuliza ananiambia anafanya mazoezi ya vidole. Miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumwona anakosa neno. Mwulize wewe. Mimi ananitania tu.)


Tarehe 18 Machi

Baba,

Sikiliza, leo usinichekeshe.

Barua ya kwanza uliniambia pamekaa kama jiwe. Ya pili unaniambia nisishuke. Kama ni jiwe, unaogopa nini? Ungekuwa na la kujisifia ungeniandikia kurasa sita, nakujua. Umeniandikia habari za suruali.

Nimekaa na ile hadithi nikaipitia yote. Nyumbani hukuwahi kuisimulia bila kuuimba ule wimbo, na uliuimba mzima, mistari yote, pumzi palepale pa kupumulia. Mtu anajuaje wimbo wa kundi lingine, wa mji mwingine, mpaka pumzi zake?

Nimekwishatia sahihi ripoti. Nimekwishamwondoa mtu kazini kwa neno lako. Kiungo nimefunga jana, nilishuka, nikakaa humo kwa saa tatu nzima, mgongo wangu ukiwa umeegemea ukuta wa upande wenu. Udongo ulikuwa unamwagika kwenye kola yangu kidogokidogo, kama mtu anayenigusa begani. Nikajiambia, wasiwasi tu, hapa baba yangu alifanya kazi.

Jumamosi saa mbili asubuhi rola linapanda. Dereva wa rola ana watoto watatu. Chini yake kuna kebo ya zahanati, ina umeme, hawawezi kuizima kwa sababu friji za chanjo ziko upande wa pili wa hiyo waya. Kando ya barabara kuna geti, na watoto wa shule Jumamosi wanakuja kwa masomo ya ziada.

Nijibu neno moja tu. Mwimbishaji wa lile kundi alikuwa nani?

Dereva wa lori anarudi huku Ijumaa. Nitamngoja pale kwa fundi viatu.

Binti yako


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Neno ulilotaka ni hili: mimi.

Ni mtaro huohuo. Kutoka nguzo ya fundi viatu mpaka geti la shule, hatua thelathini na moja za miguu yangu. Kabla ya nguzo na baada ya geti tulifanya kazi ya kweli, hata leo ningekuapia. Lakini hizo thelathini na moja hatukushindilia hata pigo moja. Tulipiga pipa. Simamisha rola. Simamisha kwanza ndipo usome yaliyobaki.

Sasa nitakueleza kwa nini, na hapa hakuna kicheko, nimetafuta sikukipata.

Ile hadithi ninayosimulia haina mtu mmoja ndani yake. Nilimtoa. Tulikuwa na mwenzetu tukimwita Mfupi, kwa sababu alikuwa mrefu kupita milango. Mcheshi kuliko mimi, sijawahi kumwambia mtu hivyo. Wakati ule tulishindilia kwa vyuma vizito, mpini wa chuma, kichwa cha chuma. Tulipofika kwenye kebo nilikuwa nimesimama naye, mimi naimbisha, yeye anapokea. Nikasema "Lala we mkaidi," yeye akapiga, na chuma chake kikapita pembeni mwa tofali kikaigusa waya.

Hakufa. Mkono wa kulia ulikwenda mpaka kiwiko. Nilisikia harufu ambayo mpaka leo mama yako akiunguza chakula natoka nje, yeye anadhani namnunia.

Kesho yake msimamizi alituambia, endeleeni, vyuma ni vilevile, na mtaro uishe Ijumaa. Akaenda kukaa chini ya mwavuli wake, mbali. Watu wanane tukasimama tunautazama ule mtaro, hakuna anayeshuka. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo. Mwanangu, nilikuwa natetemeka. Bingwa wa Mitaro alikuwa anatetemeka magoti mpaka suruali inacheza. Nikaona siwezi kusema naogopa. Basi nikasema, jamani, nina mchezo. Nikapindua pipa.

Walicheka. Kila mtu alikuwa anataka kucheka siku ile. Nikaimbisha nyimbo saba, tukapiga pipa, tukamwaga udongo wote, na pipa lenyewe tukalifukia humohumo lisionekane. Msimamizi akaandika saba. Tangu siku ile nasimulia, na kila nikisimulia inakuwa ya kuchekesha zaidi na inakuwa mbali zaidi, mpaka ikafika mji mwingine. Na mimi mwenyewe nikafika nayo huko.

Nilipoandika pamekaa kama jiwe, sikuwa nimepanga kukudanganya. Nilianza kujisifu, mkono ukaenda wenyewe. Ulipofika mahali pa kusimama, haukujua jinsi ya kusimama.

Sasa kazi. Miaka thelathini maji yamepita chini ya lile bomba. Udongo usioshindiliwa unakimbia na maji, na udongo wako mpya unafuata huko ndiyo maana unashuka. Pabaya zaidi ni makwapani mwa bomba, pale chini kwenye mviringo, hapo patakuwa wazi. Usipeleke Chura hapo wala chuma chochote. Tengeneza vishindilio vya mbao, mpini wa mbao, kichwa cha mbao. Mchanga uwe na unyevu, ukiufinya ushikane, usitoe maji. Sukuma kwapani kwa mikono, pande zote mbili sawasawa, usijaze mmoja bomba likasogea. Shubiri, kisha mapigo arobaini. Shubiri, kisha arobaini. Hesabu mwenyewe, usisikilize.

Huyo Kimya alichomeka mtaimbo akaona ukweli, akausema mara moja, akaondoka. Mimi nimesema maisha yangu yote. Mwambie namwomba radhi. Nitamwandikia.

Dereva nimempa barua hii kabla hajateremka garini. Maji nimempa njiani, ameondoka na kikombe chetu.

Baba yako


Tarehe 26 Machi

Baba,

Lori lilivunjika ekseli njiani. Barua yako imenifikia Jumatatu.

Ijumaa nilikaa kwa fundi viatu tangu mchana mpaka akafunga sanduku lake. Barua haikuja. Nikamwuliza, "Mzee, wewe umekaa hapa miaka mingapi?" Akasema alimrithi baba yake mahali hapo, na kila mvua kubwa baba yake alikuwa anasogeza kiti chake nyuma kidogo. Nikaondoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Kimya. Mama yake ndiye aliyefungua mlango. Nikasema nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kuomba mtaimbo.

Jumamosi saa moja tulikuwa pale wawili, yeye na mimi. Rola likaja. Nikasimama mbele yake. Dereva alipiga honi, akanitukana kidogo, halafu akaniita mama, halafu akazima injini. Injinia akafika. Akaniambia, "Si uliandika mwenyewe ardhi ni imara?" Nikamwambia, "Niliandika uongo bila kujua. Nipe mpaka mchana." Kimya akachomeka mtaimbo hatua mbili kutoka nguzo. Uliingia wote, ukamponyoka. Tukausikia ukigonga kitu huko chini, kitu cha bati, mlio wake ukakaa.

Tulifukua kwa mikono mpaka alasiri. Baba, bomba lilikuwa linaning'inia hewani, urefu wa kitanda na zaidi. Kebo ya zahanati imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, matofali manne yamebaki juu yake, mengine yameanguka. Shimo lenyewe ningeweza kukaa ndani na kunyoosha miguu. Na chini kabisa, limepinduliwa, limeliwa na kutu, lakini juu lina mabonde mabonde ya vyuma vyenu. Pipa.

Kwa hiyo barua yako ilipofika nilikuwa nimekwishajua. Nilijua Jumamosi, mbele ya watu wote, nimeshika lile pipa. Wale niliowasimulia wakati wa chai walikuwa wamesimama pembeni. Hakuna aliyecheka. Yule mpika chai akavua kofia yake, akageuka.

Habari ya Mfupi sikuijua. Hiyo imenifikia Jumatatu, nimeisoma mara nyingi. Ningekuwa nawe ningekushika magoti yakatulia. Lakini Baba, ungeniambia mapema. Ukuta ungeporomoka, ningekuwa chini yake ile siku ya kiungo. Saa tatu. Mgongo wangu ulikuwa pale.

Cheo nimekirudisha. Ripoti ilikuwa na sahihi yangu, si yako, na sikumtaja mtu. Msimamizi sasa ni Kimya, injinia hakuona mwingine. Mimi nashika kishindilio cha mbao, upande wa kulia wa bomba.

Usije kwanza. Mama aje akitaka. Wewe nipe muda.

Binti yako


Tarehe 2 Aprili

Mzee, shikamoo.

Barua yako ya radhi imefika. Nimeipokea.

Tumefukia kama ulivyosema. Mbao tu. Mkono kwapani, pande mbili. Tabaka saba.

Watu walikuwa wanapotea kuhesabu. Binti yako akaanza kuimba. Alijua wimbo wote.  Akaenda nao mpaka tabaka la saba. Nilihesabu kwa macho, pigo kwa pigo. Ni arobaini kweli.

Nimechomeka mtaimbo mara nane. Umegoma.

Pipa tumeliweka ukutani ofisini. Yeye ndiye aliyekataa litupwe.

Mimi,
Wanayemwita Kimya


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Nimeambiwa nisije, siji. Naandika tu, karatasi haina miguu.

Juzi jioni kwenye benchi la fundi cherehani wakaniomba, Mzee, tupe ile ya wimbo. Wamekwisha kukaa vizuri, wameshika mbavu mapema. Nikawapa. Lakini safari hii nikaanza na Mfupi. Nikamweka na mkono wake, nikaweka na magoti yangu, na jina la barabara, nikaweka na mgongo wako. Nikafika kwenye pipa, mahali pa kucheka, nikangoja kwa mazoea. Wakaziachia mbavu. Fundi cherehani akasema, "Kumbe ulikuwa wewe." Nikamwambia ndiyo, na ile suruali uliyonishonea nayo ina kosa, leo ni siku ya kukiri. Akatabasamu kidogo, akainama kwenye cherehani yake. Watu wakaondoka mmojammoja. Hakuna aliyeniaga vibaya.

Mfupi yuko hai. Sikukuambia. Anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa, miaka yote hii nikimwona kwa mbali naingia dukani kuuliza bei ya vitu nisivyovihitaji. Jana nimekwenda. Amefungua mlango kwa mkono wa kushoto, akanitazama, akasema, "Bingwa, nimesikia bado unaimba." Nikakosa neno. Mama yako hataamini. Tumekaa mpaka chai ikapoa, yeye ndiye aliyezungumza.

Sina ushauri wa kazi leo, una msimamizi mzuri.

Nina ombi, la siku utakayoona imefika, hata ikiwa mwakani. Niruhusu nije mpaka nguzo ya fundi viatu. Usinipokee, usinishike mkono, simama tu upande wa geti. Nataka nizitembee zile hatua thelathini na moja. Sasa zitakuwa hamsini, miguu imefupika. Nataka nizitembee polepole juu ya kazi yako, nisiseme kitu, mpaka nifike ulipo.

Baba yako